Wapya 41, boti tatu, na barua ya kuomba tuwe timu rasmi

*"Shikamoo kocha. Mimi ni Mtanzania, niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha majimbo ya kati-magharibi hapa Marekani, na tangu Mei ni katibu wa klabu yetu ya kupiga makasia. Miaka miwili iliyopita tulikuwa 19. Septemba hii tumefika 64, wavulana kwa wasichana, na 41 kati yao hawajawahi kushika kasia. Tuna boti mbili za wanane, moja ya wanne, mashine nane za mazoezi ya ndani, washika usukani wawili, na kocha mmoja anayekuja asubuhi tu na boti yake ya injini. Wakongwe wamenuna, wanasema hawapati maji ya kutosha. Wapya wanasimama gatini wakitazama. Kamati imegawanyika: wapo wanaotaka tununue boti mpya ya wanane, wapo wanaotaka tuwachuje wapya wabaki 20, na wapo walioandika rasimu ya barua ya kukiomba chuo kitufanye timu rasmi na kitugharamie, maana tumechoka kuitwa 'klabu tu'. Isitoshe, wapya wengi hawajui kuogelea vizuri, na baridi inakuja. Usiku napata usingizi wa saa nne tu. Mama yangu akipiga simu kutoka Mwanza ananiuliza kama nilikuja kusoma au kuvua. Tufuate njia ipi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu nusu ya jibu lako imo ndani ya hesabu ulizoniandikia mwenyewe. Unasema boti hazitoshi. Hebu angalia tena: una boti tatu na washika usukani wawili. Maana yake kila asubuhi boti moja inabaki bandani, hata kama wapiga makasia wamejaa gati zima. Mkinunua ya nne, zitabaki mbili.

Nitalirudia hilo kwa kirefu. Kwanza niliondoe hilo neno "klabu tu", kwa sababu naona ndilo lililozaa ile rasimu ya barua. Mwaka 1852 wanafunzi wa Harvard na Yale walikutana Ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, wakashindana kwa makasia. Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa shindano la kwanza la michezo kati ya vyuo viwili Marekani, kabla ya futiboli yao, na miongo kadhaa kabla kikapu hakijabuniwa. Hapakuwa na idara ya michezo wala kocha wa mshahara. Walikuwa vijana wenye vilabu vyao, na aliyewalipia gharama alikuwa mtu wa reli aliyetaka abiria wapande treni yake kwenda kutazama. Kwa hiyo hata mkitafuta wa kuwagharamia si jambo geni. Mashindano yenyewe ya vyuo yalianza kwa udhamini.

Sasa kwa nini leo, katika vyuo vingi, wasichana wanapewa boti, kocha na nauli, na wavulana wa chuo hichohicho wanachangishana petroli? Chanzo ni sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kwa jina la Title IX. Inakataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa jinsia, na michezo imo humo. Timu ya futiboli ya Kimarekani hubeba wavulana hata mia moja na ushei, na michezo ya kawaida ya wasichana haina kikosi cha ukubwa huo. Vyuo vilipotafuta cha kuweka upande wa pili wa mizani, vikaona boti inayochukua watu tisa kwa mara moja. Katikati ya miaka ya tisini vingi vilichukua klabu za wasichana vikazipandisha kuwa timu rasmi, Virginia na Ohio State vikiwa miongoni mwao. Mwaka 1997 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaanzisha ubingwa wa makasia kwa wasichana. Timu hizo mbili zilikuja kuubeba: Virginia 2010 na 2012, Ohio State mara tatu mfululizo kuanzia 2013.

Wavulana hawakuhitajika kwenye mizani ile. Mpaka leo NCAA haina ubingwa wa makasia wa wavulana. Vyuo vinavyowagharamia hukutana kwenye mashindano ya IRA, chama cha makasia cha vyuo, yaliyoanza mwaka 1895, na vyuo hivyo ni vichache. Wavulana wa Michigan na wa Virginia, vyuo ambavyo wasichana wao ni timu kubwa kabisa, wanalipa ada kama ninyi. Wana ubingwa wao wa vilabu, ACRA, ulioanza 2008 na ambao kwa miaka mingi ulifanyika Gainesville, Georgia, kwenye maji yaleyale ya Olimpiki ya 1996. Nimewahi kusimama ukingoni pale. Ukiondoa rangi za fulana, usingeweza kuniambia nani analipiwa na nani anajilipia.

Kwa hiyo barua ya kamati inaomba kitu ambacho chuo hakina namna ya kukitoa. Hakiwezi kuwapandisha ninyi wote 64. Kikikubali, kitapandisha wasichana peke yao, kitaajiri kocha wake, na kocha huyo atasajili wasichana waliopiga makasia tangu sekondari, wengine kutoka Uingereza, Ujerumani na Australia. Wenu watakaobaki ni wachache. Wavulana watabaki klabu, pengine na banda wasilolimiliki tena. Sisemi ni jambo baya. Kwa wasichana watakaofika chuoni miaka kumi ijayo ni neema. Ila haliwasaidii wanaosimama gatini Oktoba hii. Na wakati wenyewe si mzuri wa kuomba: tangu 2025, baada ya mapatano ya mahakamani, vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hiyo lazima ikatwe mahali, na wakurugenzi wa michezo siku hizi wanatafuta cha kupunguza, hawatafuti cha kuongeza.

Andikeni barua, lakini ombeni vitu vidogo vinavyowezekana: saa mbili za bwawa la kuogelea kila wiki, chumba cha kuweka mashine wakati wa baridi, bima, mafunzo ya huduma ya kwanza, gari la kuvuta trela. Ofisi ya michezo ya vilabu husaini vitu kama hivi bila kikao.

Sasa turudi majini.

Kwanza uelewe kwa nini mmekua, maana kamati inadhani ni ajali. Kijana anayefika chuoni na miaka 18 bila kuwahi kucheza kikapu hana nafasi timu ya kikapu. Wenzake wana miaka kumi ya mpira mikononi. Kwenye makasia hali ni tofauti. Sekondari zenye boti ni chache, kwa hiyo kwenye meza yenu ya usajili karibu wote wanaanza sifuri. Aliye mrefu, mvumilivu na anayeamka mapema anaweza kumfikia mkongwe ndani ya miaka miwili. Amanda Elmore alianza kama mpya katika klabu ya Purdue, wanaofanyia mazoezi Mto Wabash, chuo ambacho mpaka leo makasia yake ni klabu. Mwaka 2016 alivaa dhahabu ya Olimpiki Rio, ndani ya boti ya wanane ya Marekani. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki yupo Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala, aliyekuwa muogeleaji, akajifunza makasia akiwa mwanafunzi wa Princeton, kisha akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kwenye Olimpiki, Tokyo. Kati ya wale 41 wako humjui nani ni nani. Huwezi kumjua kwa wiki tatu.

Hapo ndipo wazo la kuchuja wabaki 20 linaponikera. Septemba mtachuja kwa kitu gani? Kwa namba za mashine, bila shaka, na namba za mashine za wiki ya tatu zinapima nani alikuja chuoni akiwa tayari anafanya mazoezi. Hazipimi nani atakuwepo Februari. Tena wataondoka wenyewe. Kila klabu niliyofundisha ilianza na umati na kufika majira ya kuchipua na kundi dogo. Kazi yako ni kuchunguza wanaondoka kwa sababu gani: mchezo umewakataa, au ninyi mmewasahau gatini?

Chukua kalamu. Boti mbili za wanane ni viti 16. Ukiongeza ya wanne, viti 20. Mkitoka asubuhi sita kwa wiki mna viti 120, lakini kwa sababu boti moja haina mshika usukani, mnavyo 96 tu. Gawanya kwa wapiga makasia 62: kila mtu anapata asubuhi moja na nusu kwa wiki. Hakuna anayejifunza chochote hapo. Mwili unasahau kati ya siku na siku, na ndiyo sababu wakongwe wamenuna na wapya wamepotea, wote kwa kosa moja. Mshika usukani wa tatu, ambaye hagharimu senti, anawarudishia viti 24 kwa wiki. Boti mpya bila yeye hairudishi hata kimoja.

Kuna hesabu nyingine mbaya zaidi, na hii wengi hawaioni. Boti ya wanane haitoki na watu saba. Tuseme kila mwanachama wenu ni mwaminifu kiasi: katika asubuhi kumi, anafika tisa. Unaweza kumsifu mtu wa namna hiyo. Lakini uwezekano wa wote tisa, wanane na mshika usukani, kufika asubuhi moja ni kama asilimia 39. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara tisa uone. Maana yake asubuhi sita kati ya kumi kuna kiti kitupu, na watu wanane waliodamka saa kumi usiku wanarudi kulala wakiwa na hasira. Sasa ita watu kumi na mmoja kwa boti hiyohiyo, wawili wakiwa akiba, na mmoja wa akiba awe anaweza kushika usukani. Uwezekano wa kupata tisa unapanda hadi kama asilimia 91. Akiba ambao hawakuhitajika wanakwenda kwenye mashine dakika arobaini, na kesho yake wao ndio wa kwanza kukaa botini. Nilipoanza kupanga hivi, manung'uniko yalipungua nusu kabla sijanunua hata skrubu.

Nimwongelee mshika usukani, kwa sababu hapa ndipo klabu zinazokua hukwama. Mwambie mama kwamba wavuvi wa Mwanza wanapiga kafi nyuso zikiangalia waendako. Ninyi mnavuta kasia, mmekaa nyuso kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, na omo, yaani mbele yake, iko mgongoni, na watu wanane hawaoni wanakokwenda. Chombo kina urefu wa mita 17 na zaidi na usukani wake ni kipande kisichozidi kiganja. Mtu wa tisa peke yake ndiye anayeona. Ule msemo wa manahodha wengi chombo kwenda mrama, kwenye boti ya wanane utauona kwa macho: watu wawili wakitoa amri mbili, boti inalala upande, kasia la mtu linanasa chini ya maji na mpini unampiga mbavuni.

Vilabu vingi hukosea kwa kumtafuta mtu mdogo kuliko wote, wakamvisha kipaza sauti, wakamsukuma mtoni. Wepesi unasaidia, ndiyo. Lakini katika mwaka wa kwanza ningechukua mtu wa kilo 65 anayefika kabla ya wakati na asiyeogopa kumnyamazisha mkongwe, nikamwacha wa kilo 48 anayenong'ona. Mshika usukani bora niliyewahi kuwa naye nilimtoa kwenye klabu ya mdahalo. Tangazeni nafasi hiyo peke yake, kwa maneno yake: tunatafuta watu sita wa kuongoza, hata kama hampendi mazoezi. Wiki ya kwanza wakae na kocha kwenye boti ya injini, wasikie. Wiki ya pili wakae tezi, mkongwe anayekaa akitazamana nao akiwaelekeza polepole. Wiki ya tatu warekodi sauti zao kwa simu, wajisikilize jioni. Na kamati ichague seti moja ya amri, iandikwe, ibandikwe bandani. Oxford na Cambridge, ambako karibu kila chuo kidogo ndani ya chuo kikuu kina klabu yake na mito ni myembamba, wapya hufundishwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wenzao. Klabu nyingi huwa na nahodha mwanafunzi ambaye kazi yake ni wapya hao. Muhula wao wa kwanza unaishia kwenye mashindano ya wapya watupu. Mfumo huo hauhitaji fedha. Unahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu kwa jina.

Hilo liwe jambo lenu la pili: wagawe wale 41 makundi manne, kila kundi na wakongwe wawili wanaojua majina yao na namba zao za simu. Asipofika siku mbili, atumiwe ujumbe na mtu, isiwe tangazo la kundi zima. Nimeona wapya wengi wakiacha. Wanaosema mchezo ni mgumu ni wachache. Wengi wanasema, "Sikujua kama mngegundua sipo."

Kuhusu boti mpya, niungame. Nilipokuwa kocha kijana, klabu moja niliyoisaidia ilichangisha mwaka mzima, tukanunua boti mpya ya wanane. Tukaipa jina, tukaimwagia maji ya mto, tukapiga picha. Majira ya kuchipua yalipofika tulikuwa na wapiga makasia saba wazuri na mshika usukani mmoja mwenye mafua. Ile boti ilikaa juu ya rafu ikimeta kama jeneza la tajiri. Boti mpya ya wanane kutoka kiwanda kinachojulikana inazidi dola 40,000, na makasia unanunua kando. Iliyotumika miaka kumi na tano lakini ikatunzwa mnaweza kuipata kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, na wapya hawatajua tofauti, kwa sababu kinachopunguza mwendo wao si boti.

Kama mna fedha kidogo, ningeanza na boti ya wanne inayobadilishwa, inayoweza kuvutwa kwa kasia moja kila mtu au mawili kila mtu. Makasia mawili humfundisha mpya usawa upesi kuliko kasia moja. Boti za wawili pia zinavutia kwa hesabu: hazihitaji mshika usukani, na watu wawili waaminifu kama wale wa juu wanafika pamoja mara nane kati ya kumi. Lakini boti ndogo hupinduka. Septemba, maji yakiwa ya uvuguvugu, kupinduka ni somo na kicheko. Novemba ni hatari ya kweli. Kwa hiyo wapya wako wasizitumie baada ya katikati ya Oktoba huko mliko, hata wakilia.

Nikae hapo kwenye baridi, kwa sababu ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya nijibu haraka. Watu hudhani anayekufa maji ya baridi amegandishwa polepole. Mara nyingi sivyo. Mtafiti wa Kanada, Gordon Giesbrecht, ameieneza kanuni ya moja, kumi, moja. Dakika ya kwanza mwili unashtuka, pumzi inakimbia bila ruhusa yako, na ukivuta maji badala ya hewa unaweza kuzama papo hapo ingawa unajua kuogelea. Dakika kama kumi zinazofuata vidole na mikono vinaacha kutii. Saa moja hivi ndipo mtu anapopoteza fahamu kwa kupoa. Maana yake kujua kuogelea peke yake hakutoshi, na kutojua ni hatari mara mbili.

Kwa hiyo asiyepita mtihani wa kuogelea asiingie botini, nukta. Hata awe na bega la Mmasai na mama yake awe mfadhili. Lakini msimfukuze: mpeleke kwenye zile saa mbili za bwawa nilizokwambia muombe, na mumpe kazi nchi kavu mpaka ajue. Wewe mwenyewe ukisimama kwenye hilo bwawa ukisema "nami najifunza bado", wapya kutoka Afrika na Asia watakuja bila aibu. Wafundisheni wote kwamba boti ikijaa maji hawaiachi. Vyumba vyake vya hewa vinaielesha hata ikijaa, na kichwa kinachoshikilia boti kinaonekana mbali kuliko kichwa kinachoogelea kuelekea ukingo. Kagueni kamba za visigino, zinazosaidia mguu kuchomoka, kwenye viatu vilivyokazwa ndani ya boti, na ule utepe wa kufungulia viatu kwa mvuto mmoja. Kamba ikikatika, boti haitoki siku hiyo. Ndani ya boti ya injini kuwe na makoti ya kuokolea ya kuwatosha wote walio majini. Mimi siruhusu boti zaidi ya tatu za wapya nyuma ya injini moja, na baridi ikianza nashuka hadi mbili. Hiki ndicho kikomo chenu halisi cha ukuaji, mdogo wangu: injini na macho ya kocha. Kamati ikitaka lazima kuweka idadi ya juu ya wanachama, ianzie hapo. Na mkipata injini ya pili na mtu aliyefundishwa kuiendesha, mmefungua zamu ya pili ya jioni, ambayo ni sawa na kuongeza boti zote tatu kwa mara moja.

Maji yakiganda mtarudi kwenye mashine nane. Msimpeleke mpya kwenye jaribio la mita 2,000 kabla ya Desemba. Anatapika, anaona aibu, haonekani tena. Wagawe kumi na sita, wanane kwenye mashine, wanane sakafuni kwa mazoezi ya mwili, mbadilishane kila dakika kumi. Na kile kidude cha kusogeza cha pembeni ya mashine chenye namba 1 hadi 10, waambie hakipimi ushujaa. Kinaruhusu hewa zaidi iingie kwenye feni, na 10 inafanya kila mvuto uwe mzito kama wa boti iliyojaa mchanga. Waanzie 3 mpaka 5. Wavulana watakataa, kisha mgongo utawafundisha.

Yapo mambo ambayo mimi wa mbali siwezi kuyatibu kwa maandishi. Mpya mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, au maumivu ya ubavu sehemu moja yanayochoma akivuta pumzi ndefu au akipiga chafya, aende kwa daktari wa chuo wiki hiyohiyo. Mbavu za wapiga makasia hupata nyufa mazoezi yanapoongezwa kwa pupa. Malengelenge ya viganja ni ya kawaida, ila yakiwa mekundu na ya moto yasisubiri. Ombeni kocha wa klabu jirani, au ofisa wa usalama wa chuo, aje akague gati, boti ya injini na utaratibu wenu kwa macho yake kabla ya Novemba. Kuhusu nani anaruhusiwa kuvuta trela na bima ya nani, jibu litoke chuoni kwa maandishi. Na wewe mwenye viza ya mwanafunzi, kama kamati itawaza kuwalipa wakongwe wanaofundisha wapya, usipokee hata dola kumi kabla hujaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kujitolea ni kitu kimoja, malipo ni kingine kabisa mbele ya uhamiaji.

Lililobaki ni saa nne za usingizi. Hizo zinanitisha kuliko boti. Ratiba, ada, trela na ujumbe wa asubuhi ni kazi za watu wanne, na ninadhani unazifanya peke yako kwa sababu unazifanya vizuri. Wiki hii gawa tatu. Kama ukizigawa na bado usingizi hauji, nenda kwa washauri wa wanafunzi, ni bure na ni siri. Na mpaka ulale kawaida, usiendeshe gari lenye trela ya boti nyuma, hata kama dereva mwingine hajapatikana na mashindano ni kesho.

Ile rasimu ya kuomba mpandishwe iwekwe kwenye droo mpaka Machi. Barafu ikiyeyuka, hesabu wapya waliobaki na washika usukani mlionao, kisha niandikie idadi zote mbili.